Chuo cha ufundi: polytechnic, koleji ya taoni au kwa fundi mtaani?

SwabriLikoni: Salaam jamani. Ndugu yangu mdogo ataka kusomea weldingi. Naona njia tatu: Kenya Coast National Polytechnic (chuo cha serikali hapa Mombasa), koleji moja ya taoni wanaolipisha kidogokidogo, au nimtie kwa fundi hapa Likoni. Wapi ni rahisi? Nataka kulipa wiki hii.

BiKisauni: Rahisi kwa nani? KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, alipata ngapi, aliomba KUCCPS (wale wa serikali wagawao nafasi za vyuo), atatoka nyumbani au atapanga? Hujasema kitu hapo.

SwabriLikoni: D+. KUCCPS hatukuomba. Atatoka nyumbani.

BiKisauni: Basi anzia hapo KUCCPS. Mwanangu alipoingia chuo cha serikali karo ilikuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, serikali ikitoa 30,000, sie 26,420. Tangu 2023 mambo yamebadilika, waomba skolashipu na mkopo, serikali iangalie hali ya nyumbani. Chukua pia fomu ya basari ya CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge), ila cheki huandikiwa chuo, usingoje pesa mkononi.

FundiMtongwe: Wote mwapoteza wakati. Mpe fundi miaka miwili kisha akafanye gredi testi ya NITA (wale wa serikali wapimao ujuzi wa mafundi), aanze Gredi 3 apande hadi 1. Mie hivyo hivyo na geti zangu zimejaa Likoni nzima.

KijanaTudor: Swabri hiyo ya kidogokidogo ndo ilinimaliza mie. Nilitoa 15,000 siku ya kwanza, risiti yenyewe ya kuandikwa na kalamu, kufika karakana mashini ni moja na sisi karibu thelathini, twapanga foleni kama twangoja feri, zamu yako ikifika rodi zimekwisha waambiwa ukanunue zako. Mwisho wa mwaka pesa ya mtihani ikawa mbali na karo. Nikauliza kama wamesajiliwa na TVETA (wale wa serikali wasajilio vyuo vya ufundi), mkurugenzi akanionyesha leseni ya biashara ya kaunti, imetundikwa ukutani kwa fremu kabisa! Pesa sikurudishiwa hata ndururu.

AbuuMajengo: Mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi) una riba 4%, tahadharini.

BiKisauni: Shekhe, na ile simu ukopayo kila Ijumaa mbona huiulizi riba yake?

AbuuMajengo: Hayo hayakuhusu mama.

KijanaTudor: 😂😂

SwabriLikoni: Dogo mwenyewe sasa asema heri friji na AC.

FundiMtongwe: Hana shida huyo, joto limemzidi tu. Mlete Jumamosi ashike rodi tumwone.

BiKisauni: Fundi, bawaba ya geti langu imekatika, waja hata Kisauni?