Mtoto wa gredi 3 hajui kusoma: arudie darasa ama asonge tu?

Mzazi, Kayole: Wazazi wenzangu tuongee hii maneno bila matusi. Kijana wangu ako gredi 3, ripoti kila muhula eti anaendelea vizuri. Juzi jioni akanisomea hadithi ya sungura bila kukwama nikafurahi kweli, halafu nikafunika ukurasa na mkono, akaendelea tu! Kumbe ameikariri. Nikamwandikia "kikombe" kwa karatasi akaangalia weeee, mwisho akasema "kiko wapi". Nimeenda shule kuomba arudie, nikaambiwa sheria haikubali, na ni kweli, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kurudisha mtoto darasa. Sasa jameni tunasukumana hivi mpaka lini?

Mwalimu, Embakasi: Pole mama. Lakini arudie nini? Yale yale, darasa lile lile la watoto 68, mwalimu akiwa ubaoni na wa nyuma wanaimba tu kufuata wenzao. Waliorudishwa enzi zetu walikuwa wanaitwa wazee wa darasa mpaka wengine wakaacha shule. Kenye nimeona kikisaidia ni kumtoa nusu saa kila siku akae na wa kiwango chake, hata kama ni wa gredi 2, njia ambayo Pratham, shirika la elimu la India, wameitumia miaka mingi. Na aanze na Kiswahili, "a" ni "a" kila mahali, si kama Kiingereza ambapo "a" ya cat na ya cake ni vitu viwili. Kata boksi, andika ki, ko, mbe, aziunganishe mwenyewe. Na apimwe macho pia, wengine shida ni ubao tu hawauoni.

Baba wa wawili, Umoja: Kiswahili kwanza sawa, lakini mwalimu si unajua hizi praiveti, mtoto akiomba nafasi anapewa karatasi ya Kizungu. Hapo ndio wazazi tunaogopa, sio ati tunadharau lugha yetu.

Mzazi, Kayole: Nimekata boksi la sabuni jana. Ki-ko-mbe ameisoma, akarudia mara tatu akicheka, ng'ombe ndio imemshinda anasema "nigombe". Lakini mwalimu, na heshima zote, hiyo nusu saa unaitoa wapi na watoto 68? Kama ni mimi nyumbani usiku nikitoka job sema tu wazi, tusidanganyane na ripoti.