Bahari yangu inatoka kama ukuta uliopakwa rangi, nisaidieni (rangi za maji)

mchoraji_wa_jioni: Wakuu habari zenu. Napaka rangi za maji kwa kujifurahisha tu, na ninachopenda zaidi ni picha za likizo za ufukweni na mandhari ya mji niliokulia, nazitoa kwenye picha za simu. Sasa bahari inakuwa bluu moja juu mpaka chini, haina uhai kabisa, afu majengo yakikauka yanakuwa na rangi ya matope, karatasi nayo inajikunja. Nianzie wapi jamani? Au niachane na simu nikakae huko huko nje?

brashi_kavu: Anza na karatasi, mengine baadaye. Tafuta ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nyepesi zaidi ya hapo inabidi uilowanishe, uibandike kwenye ubao kwa tepu, isubiri ikauke imekazwa ndo upake. Kuhusu bahari, kwenye rangi za maji nyeupe yako ni karatasi yenyewe, kwa hiyo ule mng'aro wa jua haupakwi, unaachwa. Kamua brashi kwenye kitambaa, ilaze ubavu, ipitishe fasta kwenye karatasi ya mikwaruzo, rangi itashika vinundu tu na vile vishimo vinabaki vyeupe, hapo maji yanaanza kumeta. Karatasi laini sahau.

povu_tupu: Mi naziba povu kwa ile gundi ya mpira ya majimaji (masking fluid) kabla ya kupaka, nikimaliza naibandua. Ila usiianike juani wala kuipulizia drya, itang'ang'ania na kuondoka na karatasi 😅

brashi_kavu: @povu_tupu siipendi, kingo zinakuwa kali mno na povu halina kingo kali. Bora kukwangua kwa wembe rangi ikishakauka kabisa. Turner, yule mchoraji wa zamani wa Uingereza, alikuwa anakwangua mpaka kwa ukucha.

bibi_altramarini: Mnasema nyeupe tu, mwenzenu kauliza na matope. Mwanangu, matope yanatoka kwa kuchanganya rangi nne tano na kurudia rudia sehemu ambayo haijakauka. Weka, acha, usiguse. Vijivu vyote vya mji, kuta, lami, mawingu, utavipata kwa bluu ya altramarini na kahawia ya siena (burnt sienna) tu, ukizidisha bluu kinapoa, ukizidisha kahawia kinapata joto. Nyeusi ya kwenye kopo mi siigusi.

Afu bahari yenyewe haina bluu moja. Maji ya karibu ni mafupi, mchanga unaonekana kwa chini ndo maana yanaelekea kijani na unjano, ukienda mbali yanakolea. Na mawimbi, ya karibu yapake makubwa yaachane, ya mbali yabanane mpaka yawe vistari tu. Upeo wa macho piga kwa rula, ukiinama kidogo tu maji yote yanamwagika nje ya picha.

Simu nayo inadanganya. Vivuli inavifanya vyeusi tii wakati kivuli cha juani mara nyingi kina ubluu wa mbingu, na lenzi yake pana inakipunguza kitu cha mbali, ule mnara unaoukumbuka mrefu kwenye picha unakuwa kijiti. Uongeze urefu, nani atakushtaki?

mchoraji_wa_jioni: Bibi ubarikiwe 🙏 kwa hiyo nje niende au nisiende?

bibi_altramarini: Nenda, ila sio kumaliza picha. Kaa kivulini maana karatasi nyeupe juani inaumiza macho na rangi inakauka kabla hujaisambaza. Chora vidogo kwa penseli, mwanga, kati na giza, basi, pembeni andika rangi ulizoziona na jua liko upande gani. Picha kubwa utaipaka nyumbani na simu ikusaidie madirisha.

povu_tupu: Na beba maji yako ya kuoshea brashi, usichote ya bahari, chumvi inaacha vidoa vidoa rangi ikikauka. Wengine wanavitaka makusudi kwenye mchanga, ila kwenye anga inakera.

mchoraji_wa_jioni: Sawa. Gramu 300, karatasi ya mikwaruzo, jumamosi naleta picha hapa mnichambue.

brashi_kavu: Leta na ile ya zamani tulinganishe.