Sahani za zamani zenye michoro ya makochi: nilie chakula au nizitundike?

MamaNaima_Brum
Habari zenu wadau, naombeni msaada kwa wanaojua vyombo vya zamani. Jumamosi nimepita duka la chariti (la vitu vilivyotumika) hapa Birmingham nikakuta sahani nne za udongo, nyeupe na nyeusi, chini zimeandikwa Homemaker na Ridgway. Zimechorwa vitu vya nyumbani, yaani kiti, kochi, meza, taa, maua kwenye stendi, halafu katikati ya michoro kuna mistari mistari myeusi imejaa sahani nzima. Nilivyoziona nikashindwa kuondoka, nikalipa pauni sita zote nne. Mbili ziko safi, moja imemeguka kidogo ukingoni, na moja ukiisogeza karibu na dirisha unaona nyufa nyembamba kama utando wa buibui, ukipapasa kwa kidole husikii kitu ila zipo. Sasa nauliza, ni za miaka ya hamsini kweli? Na naweza kulia chakula? Mume wangu anasema zitundikwe ukutani, mimi nataka nipakulie wali.

mzee_wa_mabuli
Hongera sana dada yangu, kwa maelezo hayo umepata zenyewe. Homemaker ilichorwa na mama mmoja anaitwa Enid Seeney, kiwanda cha Ridgway kule Stoke-on-Trent wakaanza kuiuza 1957 na ikaendelea mpaka karibu 1970. Hivyo vitu unavyoviona si vya kubuni tu, kile kiti ni cha Robin Day, kochi ni la Sigvard Bernadotte, wabunifu wa fanicha, ndiyo fanicha iliyokuwa inasifiwa wakati ule, na hiyo meza iliyopinda kama bumerangi kila kijana aliyeoa alikuwa anaitamani. Sasa fanicha zenyewe mtu wa kawaida hazimudu, lakini sahani yenye picha yake anaimudu kwa sababu zilikuwa zinauzwa Woolworths, duka la bei ya chini, na mchoro unapigwa na mashine sio mkono. Mimi ndiyo kitu ninachokipenda kwenye hizi sahani kuliko yote, hazikutengenezwa kwa matajiri. Leo ziko mpaka V&A London, makumbusho kabisa, na ni sahani za Woolworths!
Kwa sababu ziliuzwa kwa wingi sahani utazikuta sana, msibabaike na anayewapiga bei kubwa. Adimu ni buli na birika la kahawa, yale yalinunuliwa machache na yakavunjika zaidi. Ukikutana na birika la kahawa likiwa na kifuniko chake usiliache.

Juma_Leicester
Samahani naingilia, mimi nina kikombe chenye mistari meusi na meupe kama pundamilia, ndani chekundu, je ni hiyo hiyo Homemaker?

mzee_wa_mabuli
Hapana mdogo wangu, hiyo kwa maelezo inafanana na Zambesi ya kiwanda cha Midwinter, mchoro wa Jessie Tait, 1956, nao walikuwa Burslem hapo hapo Stoke. Geuza chini usome jina. Ile mistari ilipakwa kwa brashi na wafanyakazi wa kiwandani, kikombe kimoja kimoja, ukiweka viwili pamoja utaona mistari haijakaa sawa na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Ila chunga, kiwanda cha Beswick nao walitoa yao ya kufanana wakaiita Zebrette, kwa hiyo bila kusoma muhuri usilipe.

dada_wa_Ohio
Kwenye kula nitasema ukweli maana mimi nimekusanya miaka mingi na nina watoto. Ile yenye nyufa usiilie. Nyufa zile ziko kwenye lile ganda la kioo la juu, majimaji na mafuta yanapenya yanakaa chini yake huwezi kuyaosha, na vyombo vya zamani ganda lake mara nyingi lilichanganywa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hata zile safi usiweke vitu vya ndimu, siki, achari au mchuzi wa nyanya ukaacha humo mpaka kesho, ukali ndio unaonyonya risasi. Usiingize maikrowevu, usiingize mashine ya kuoshea vyombo, zitaharibika. Osha kwa mkono, maji ya uvuguvugu, sponji laini, na ukizipanga weka kitambaa katikati ya sahani na sahani.
Huku Marekani tuna vyombo vya Fiesta vya kiwanda cha Homer Laughlin, vilianza 1936, na ile nyekundu yake rangi ilitiwa urani, madini yale ya mionzi ninayoyajua mimi na wewe. 1943 ikasimamishwa kwa sababu serikali iliitaka hiyo urani kwa vita, ikarudi 1959. Mimi ninazo mbili, ziko kwenye kabati la vioo na hakuna anayekula humo. Fiesta zinazotengenezwa kuanzia 1986 ni habari nyingine, hizo tunalia kila siku.

binti_Lamu
Hilo la mume kutaka ukutani mimi namuunga mkono kabisa. Kwetu nyumba za zamani za mawe zina zidaka ndani, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, safu kwa safu ukutani, na humo ndimo zilipokuwa zikipangwa sahani na bakuli za Kichina zilizokuja na majahazi, mgeni akiingia jicho linakwenda hapo kwanza. Sahani kupamba ukuta si ushamba, ni ada ya pwani tangu na tangu. Ila usitoboe tundu jamani, nunua zile waya za kutundikia, na zile kucha zake zivishe mpira zisikwangue ukingo.

MamaNaima_Brum
Asanteni sana wote, nimesoma yote kwa sauti mume wangu akisikia. Basi ile ya nyufa na iliyomeguka zinakwenda ukutani juu ya meza, binti_Lamu waya nimeshaagiza. Zile mbili safi nitawekea maandazi na vitumbua siku za wageni, wali wa nazi na achari ubaki kwenye sahani zetu za kila siku. Mzee wa mabuli, nimegeuza tena, muhuri uko wazi kwenye zote nne. Jumapili kuna gulio lile la watu kuuzia kwenye buti za magari, naamka alfajiri nikatafute hilo birika.