Banda la kumbukumbu bustanini: la kukaliwa au la kutazamwa?

Wadau, swali ni hili. Waliofiwa katika janga wanaomba banda lijengwe ndani ya bustani ya umma, liwe kumbukumbu na wananchi wakutane humo. Wanaopinga wanasema bustani ni nyasi na miti, saruji ikae kwingine. Karibuni.

Mimi naunga mkono, ila banda lenyewe halinitishi kama ufunguo wake. London walijenga chemchemi ya kumbukumbu ya Princess Diana, kwenye bustani ya Hyde Park, ikafunguliwa Julai 2004. Nia ilikuwa watu waingie, watoto wachezee maji. Majani yakaziba njia ya maji, watu wakateleza wakaumia, na mwezi haujaisha ikafungwa. Iliporudi Agosti ilikuwa na uzio na walinzi, kutembea majini marufuku. Na wale hawakukosa fedha! Sasa banda likikosa mtu wa kulifagia, mwaka wa pili tu lina kufuli.

— Mkuu, umeruka suala la ardhi. Bustani haiongezeki. Leo banda, kesho kibanda cha mlinzi, keshokutwa hoteli. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, akatukanwa weee. Lingejengwa lile, kina mama wa wafungwa wa kisiasa wangegomea kula wapi mwaka 1992? Freedom Corner, kona hiyo ya Uhuru Park walipogomea, inakumbukwa hadi leo, na haikuhitaji nguzo hata moja.

— Ghorofa 60 na banda la nguzo sita unavipimaje kwa mizani moja? Ghorofa ingefukuza watu. Halafu hata kina mama hao walikuwa na hema. Watu wakikaa pamoja muda mrefu lazima watafute kivuli.

— Mimi nina la kwangu, tena dogo. Niliwahi kualikwa sherehe kwenye banda la namna hiyo. Majina ya marehemu yamechongwa ukutani usawa wa mgongo wa aliyekaa, kwa hiyo kila mgeni ameegemea jina. Mtu kaweka chupa ya soda baridi kwenye ukingo, maji yake yakawa yanachuruzika hadi kwenye mwaka wa kuzaliwa wa marehemu mmoja. Sikuweza kula. Majina yakae nje, kwenye njia ya kuingilia, ndani pabaki pa vikao.

— Hilo la majina nje nalichukua. Kwenye ufunguo, naona lisiwe na mlango kabisa: paa, nguzo, viti vilivyojengewa humo humo, basi. Fedha za kubadilisha paa zitengwe kabla jiwe la msingi halijawekwa, maana baada ya hotuba za ufunguzi hakuna anayepokea simu. Kuhusu ardhi, mchoro uonyeshe mita za mraba, na iandikwe kwamba hakuna nyongeza. Mnaohofia kelele, tajeni saa mnazotaka spika zizimwe. Mimi naanza na saa kumi na mbili jioni.