Eti "heshimu marehemu"! Yule mchambuzi wenu wa sinema kamwashia mshumaa Dewey Cox

#1 (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka kwenye laivu ya yule mchambuzi sasa hivi. Kutoka gani, nimetolewa, kanipiga bloku watu wote wanaangalia. Simtaji jina, mnamjua. Yule wa kofia ya mkeka na miwani ya jua saa nne usiku, ndani ya chumba.

Leo katangaza kipindi maalumu cha wanamuziki walioteseka. Kaanza na Ray Charles, sawa. Kaja Johnny Cash, sawa. Halafu sauti ikashuka, kinanda cha msibani kikaanza kulia kwa mbali, akasema sasa tumkumbuke gwiji aliyesahaulika kuliko wote, Dewey Cox.

Dewey Cox!

Wakuu, Dewey Cox hajawahi kuzaliwa. Ni mtu wa kutungwa, stelingi wa Walk Hard: The Dewey Cox Story, filamu ya vichekesho ya mwaka 2007. Jake Kasdan kaiongoza, kaiandika yeye na Judd Apatow, na Dewey mwenyewe ni John C. Reilly. Ilitengenezwa makusudi kabisa kuzicheka Ray ya 2004, ile ya Ray Charles, na Walk the Line ya 2005, ile ya Johnny Cash, yaani zile zile alizotoka kuzisimulia dakika kumi nyuma!

Na mezani kaweka picha. Picha ya nani? Ya John C. Reilly, kaiviringishia utepe mweusi kwenye pembe. Mtu yuko hai, anakula, analala, anaigiza, nyie huku mmeshamvisha utepe! Mbele ya picha kuna mshumaa, ule mweupe wa umeme ukikatika, kausimamisha kwenye kisahani cha chai, nta inachuruzika mpaka kwenye kitambaa cha meza. Watu wanatiririsha "pumzika kwa amani" mpaka skrini haionekani.

Nikaandika kwa adabu zote: "Kaka, hii ni filamu ya vichekesho, huyu mtu hakuwahi kuwepo." Akaisoma kwa sauti. Akavua miwani, nadhani ni mara ya kwanza tangu chaneli ianze. Akasogelea kamera mpaka pua ikajaa kioo chote cha simu yangu. Akasema, "Kijana, heshimu marehemu."

Heshimu marehemu. Mimi niambiwe hivyo. Marehemu gani?

Hivi mtu anaitazamaje ile filamu halafu analia? Dewey mdogo anacheza na kaka yake kwa mapanga, anamkata katikati ya kiuno, vipande viwili, na kaka mtu kalala pale bado anampa mawaidha! Baba yao mpaka uzeeni anamwambia aliyekufa siye aliyetakiwa kufa. Kwa majonzi Dewey anapoteza uwezo wa kunusa. Ray Charles alipofuka macho, huyu kapofuka pua. Ndiyo utani wenyewe huo! Mchambuzi kafika hapo kwenye pua akatoa leso.

Na Dewey wa miaka 14 kwenye shindano la vipaji la shule anaigizwa na Reilly huyo huyo, mtu wa kuzaliwa 1965, baba mzima wa miaka 40 na kitu, kidevu kimekomaa, anatambulishwa kuwa ni mtoto wa shule. Hapo napo hukushtuka?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ile filamu naipenda kwa moyo wangu wote. Watu hawajui imetengenezwa kwa jasho gani. Nyimbo zake ni nyimbo kweli, za rock and roll ya miaka ya 50, za kutetea wanyonge kwa mashairi yasiyoeleweka, mpaka zile za miaka ya 60 zenye kundi zima la wapiga vinanda na wanyama studio. Reilly kaimba mwenyewe kwa koo lake. Wimbo wenyewe wa Walk Hard, ambao Marshall Crenshaw alishiriki kuutunga, ulitajwa kuwania tuzo ya Golden Globe, na Reilly naye akatajwa kwa uigizaji. Halafu ilipotoka Desemba 2007 watu wakapishana nayo mlangoni. Bajeti dola milioni 35 hivi, imerudisha kama milioni 20. Leo, baada ya miaka yote hii, inapata bahati ya kusemwa Kiswahili mbele ya umati, na mtu anaifanyia matanga!

Akanipiga bloku huku mshumaa unawaka. Heshimu marehemu!

#2
Mkuu povu hilo unaweza kufulia mashuka ya mtaa mzima.

#3
Mimi nilikuwepo laivu. Kuna mama aliandika "poleni wafiwa", mtu akamjibu "tumeshapoa". Nikajua hapa leo hapana mtu mzima.

#4
Kwani ulilazimishwa kumfuatilia? Si ungeenda kuangalia mpira.

#5
Mleta mada punguza munkari. Jamaa kafanya utafiti wake. Mwisho wa ile filamu wameandika wazi kuwa Dewey Cox alifariki. Kama hakuwepo, kafaje?

#6 (mleta mada)
Mkuu #5, hayo maandishi yanasema alifariki dakika 3 baada ya kumaliza kuimba! Dakika tatu! Kapewa tuzo ya heshima, kaimba wimbo wa mwisho akiwa na amani na kila mtu, familia yote imekaa inamwangalia, akakata roho. Wanazicheka zile filamu ambazo mtu akishasamehewa na mkewe sinema inaisha. Tena ndani yake kuna bendi ya The Beatles wako India kwa Maharishi, yule mwalimu wao wa kutafakari, Paul McCartney ni Jack Black na John Lennon ni Paul Rudd, na wanaishia kuzichapa. Jack Black na McCartney wanafanana nini, masikio? Elvis ni Jack White wa The White Stripes. Mchambuzi kayaona hayo yote kwa macho mawili, kisha kaenda dukani kununua utepe mweusi. Hilo la utepe sitalisahau mpaka naingia kaburini. Reilly akiiona hiyo picha anafanyaje?

#7
Atavua miwani aseme heshimu marehemu.

#8
Nimekaa paleee, nasubiri mchambuzi aje ajibu.

#9
Kwa kumtetea kidogo mchambuzi: filamu ilipokuwa inatoka, Reilly alizunguka miji ya Marekani na bendi, anapiga shoo kabisa akiwa ni Dewey Cox. Watu wakaenda kumsikiliza. Kwa hiyo si mtu wa kwanza kuchanganyikiwa.

#10 (mleta mada)
Walioenda kwenye hizo shoo walienda kucheka, mkuu! Hakuna aliyebeba mshumaa!

#11
Mimi kesi yangu ni tofauti. Ile filamu imeniharibia sinema zote za wanamuziki. Inaanza Dewey kainamisha kichwa nyuma ya jukwaa, na mpiga dramu wake, Tim Meadows yule, anaeleza kwamba jamaa lazima akumbuke maisha yake yote kwanza ndipo apande kuimba. Tangu hapo nikiona msanii kainama kwenye korido ya giza, najua tunarudishwa utotoni. Rocketman 2019, ile ya Elton John, jamaa anaingia kikao cha kuacha ulevi na mabawa mgongoni, haya, turudi utotoni. Na ile ya chooni! Dewey anafungua mlango anamkuta huyo huyo Meadows anavuta kitu, anaambiwa toka, hiki hukiwezi, halafu anasifiwa utamu wake mpaka anaonja. Inarudiwa na dawa nyingine, na nyingine. Akilewa anang'oa masinki ukutani. Sasa leo nikitazama filamu ya msanii wa kweli, akiingia tu bafuni naangalia sinki. Nani atanirudishia starehe yangu?

#12
Hahaha #11 umenena. Hollywood wenyewe hawakujifunza kitu. Waliambiwa 2007 kwamba huu mchezo tumeushtukia, 2018 wakaleta Bohemian Rhapsody, ile ya bendi ya Queen, ikabeba Oscar 4, mojawapo ya uhariri! Uhariri wenyewe kikao cha mezani, kamera inaruka kama inafukuzwa na nyuki.

#13
Afadhali umeitaja hiyo Bohemian. Nyinyi mnalilia mtu asiyezaliwa, sie Waunguja tulilie nini? Farrokh Bulsara, mnayemwita Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kazaliwa hapa Mji Mkongwe mwaka 1946. Sinema inatuonesha nini? Anaanza ukubwani Heathrow anabeba mabegi ya watu. Hapana bandari, hapana Forodhani, hapana hata mnazi mmoja. Na kisha wakaweka kwamba aliwaambia wenzake wa bendi maradhi yake ya UKIMWI kabla ya tamasha la Live Aid la 1985, ili tulie jukwaani. Mwenzi wake Jim Hutton alisema alipimwa 1987! Wamemgonjesha mtu miaka miwili kabla ya wakati, kwa ajili ya tiketi. Huyo marehemu wa kweli ndiye wa kuheshimiwa, si wenu huyo wa panga.

#14
Dada/kaka #13, hata huyo Freddie hakukaa sana Zanzibar. Alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa mdogo, na 1964 familia ikaondoka kwenda Uingereza baada ya Mapinduzi. Walitaka wapige picha gani hapo?

#15
Aliondoka kwa hiyo hakuzaliwa? Mie nakwambia wallahi watalii wanakuja kwa makundi wanauliza nyumba ya Freddie, makumbusho yake yalifunguliwa Shangani 2019, sinema ishapita. Wangeweka dakika mbili tu za utoto wake hapa, wangepungukiwa nini?

#16
Wangemweka anainama koridoni anakumbuka Forodhani.

#17
Tukiongelea Zanzibar, mbona hamumtaji Siti binti Saad? Binti wa Fumba, kauza vyungu, katoka huko kwa miguu mpaka mjini, kaenda Bombay 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Mateso anayo, jukwaa analo, sauti anayo. Shaaban Robert kamwandikia wasifu mzima. Sinema kubwa iko wapi? Tumebaki kugombania waliopanda ndege.

#18
Ikitengenezwa hiyo ya Siti wataimba kwa sauti ya mtu mwingine na mavazi ya kukodi kwenye harusi. Bora waache.

#19
#18 una roho mbaya. Hatuwezi kufanya kitu kizuri?

#20 (mleta mada)
Jamani turudi kwenye mada. Mtu hai kavishwa utepe mweusi. Nimeambiwa nimheshimu marehemu ambaye kaka yake alikatwa vipande viwili akaendelea kuongea. Hamlioni hili?

#21
Tumeliona mkuu. #17, hiyo ya vyungu ni kweli, bibi yangu alikuwa anaisimulia.

#22
Mimi tatizo langu si wachambuzi, ni hawa wanaotafsiri filamu za vibandani. Niliwekewa filamu ya mwanamuziki, jamaa akifungua mdomo kuimba na mtafsiri naye anafungua. Wimbo mzima anatueleza kwamba jamaa anaimba. Tunaona anaimba! Nyamaza tusikie!

#23
Wa kwetu kila mzungu anamwita Joni. Filamu ya bendi ya watu wanne, wote Joni. Joni kamkasirikia Joni, Joni kaondoka na mke wa Joni. Nikatoka sijui nani kavunja bendi.

#24
Wa kwetu akichoka anasema "hapa wanaongea mambo yao", kisha anaagiza soda tunamsikia.

#25
Hao wote wana afadhali. Kibanda cha huku kwetu mwenyewe anakusanya hela kabla filamu haijaanza, umeme ukikatika katikati harudishi hata shilingi. Anafunga mlango anasema ukirudi tutaendelea. Unarudi saa tatu baadaye, anaweka filamu nyingine.

#26
#25 huyo wako ana huruma. Wetu alikata mechi ya Simba na Yanga dakika ya 80, eti jenereta limekwisha mafuta. Tukachanga mafuta wenyewe. Kuja kuwasha, mpira umekwisha, anataka tulipie upya maana sasa inaanza filamu.

#27
Mlilipa?

#28
Mlango ulikuwa umefungwa, tungefanyaje?