Mrejesho: klachi iliyokuwa ikiteleza mlima wa Riat

Asanteni sana, ndugu zangu. Ni mimi niliyeuliza kuhusu pikipiki yangu kuukuu: nikitoka Kisumu kupanda Riat na mzigo, injini inanguruma lakini pikipiki haisongi.

Nilianza na ushauri wa kulegeza kebo, hadi ncha ya mkono wa klachi icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kushika. Kweli ilikuwa imekazwa mno, ila nafuu ilidumu siku mbili tu. Yule aliyeniuliza natumia oili gani ndiye aliyegusa penyewe, Mungu ambariki. Nilikuwa nimeweka oili ya gari, ile yenye dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki hii huogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini. Nimehamia iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa pikipiki zenye klachi ya kuogelea ndani ya oili.

Lakini pleti za klachi, zile sahani zinazoshikana kupeleka nguvu ya injini, zilikuwa zimeshaungua. Fundi wangu wa Kondele alipofungua, harufu ilijaa kibanda kizima. Tumebadilisha pleti na springi zote, na pleti mpya tukazilaza kwenye oili usiku kucha kabla ya kufunga. Tafadhali msiiruke hatua hiyo.

Sasa napanda Riat na gunia la mahindi bila kuteleza. Kilichobaki ni gia ya frii: injini ikipata moto, kuipata nikiwa nimesimama bado ni taabu. Sababu ni kikapu cha klachi, kile kinachobeba pleti: kimechimbika pale pleti zinapogonga, nazo zinakwama humo. Tumekipiga tupa, imesaidia kidogo. Nikipata pesa nitanunua kingine.