Tupeane uzoefu: kuvua samaki juu ya tyubu bwawani, asubuhi za baridi

Mwana Isevya
Wangaluka wakuu. Leo nimepita gereji nikakuta dogo anajaza upepo tyubu ya Fuso, ile harufu ya mpira iliponifika puani akili yote ikahamia bwawa la Igombe. Wa Tabora mnaelewa. Mwezi wa 7, saa 11 na nusu alfajiri, baridi mpaka meno yanagongana, tyubu imefungwa nyuma ya baiskeli, minyoo kwenye kopo la rangi, unashuka tuta taratibu na maji yanafuka ukungu hata ng'ambo huoni. Unakaa katikati ya tyubu kwenye kamba za katani zilizosukwa kama kitanda cha teremka tukaze, miguu inaning'inia majini, unapiga makasia kwa nyayo. Perege baridi ikizidi anakuwa mvivu kula, unaweza ukakaa saa nzima kiboya kimetulia tu, halafu ghafla kinazama chwap, hapo baridi yote imeisha. Leteni za kwenu, hasa siku ambazo mambo yalitaka kuharibika.

Mama Nasra
Umenikumbusha marehemu kaka yangu jamani. Alikuwa anarudi saa 3 vidole vimekunjamana vyote, hata kikombe cha uji hawezi kushika, mama anamshikia. Na kesho anaenda tena.

Mtoto wa Ujiji
Sisi wa Kigoma, mwisho wa reli, tyubu tulichezea pembeni tu tukiwa watoto, kuvulia hapana. Ziwa letu la Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na miezi ya 5 mpaka ya 8 upepo wa kusini hauna mzaha, ukikukuta ndani ya tyubu habari yako wataitoa Kongo. Ila mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika, 15 Mei mpaka 15 Agosti, mimi kipato kilikata nikaenda kwa shemeji Tabora, akanitia kwenye tyubu. Nimekulia kwenye mitumbwi lakini ile kitu ni nyingine. Uko ndani ya maji kabisa, samaki akigusa unamsikia mpaka mapajani. Migebuka sikupata lakini roho ilitulia.

Kanyenye Damu
Kwa hiyo nyie ndio mlikuwa mnaloweka miguu kwenye maji tunayokunywa??? Igombe lile limekuwa chanzo cha maji ya mji miaka mingi. Mnaleta stori za kiboya kama jambo la sifa.

Mwana Isevya
Mkuu maji yanatibiwa kabla hayajaja kwako, na ng'ombe wanaokunywa kule juu je umewauliza walipoloweka miguu?

Kanyenye Damu
Ng'ombe hana akili ya kusoma kibao, wewe unayo. Bwawa la maji ya kunywa lina utaratibu wake, mtu aulize ofisini kwanza. Na leseni pia, Sheria ya Uvuvi ya 2003 ipo, haijasema mwenye tyubu amesamehewa.

Mzee wa Mshipi
Vijana msigombane. Hoja ya Kanyenye ni ya kweli, mabwawa yapo mengi, nendeni kwenye yale ya mifugo na ya kilimo, muongee na kamati ya kijiji. Mimi ndivyo nilivyofanya miaka yote na hakuna aliyenifukuza.

Fundi wa Ng'ambo
Mimi naomba niwape hii, nimeikalia muda mrefu.

Bwawa lenyewe liko njia ya Urambo, jina tuliache. Tulikuwa wawili, mimi na tyubu ya Scania, mwenzangu ana ile kubwa ya tairi la nyuma la trekta. Tumeingia bado giza, baridi kali, nimevaa sweta juu na kaptula chini. Mpaka saa 2 nimepata perege wawili wa kiganja. Mwenzangu yuko mbali kule kwenye matete, mimi niko katikati kwenye kina maana hapo ndipo pana kambare, na nilikuwa nimeweka utumbo wa kuku kwenye ndoano kubwa.

Akala. Ndugu zangu yule mnyama hakudonoa, alichukua akaondoka. Tyubu ikaanza kwenda yenyewe, nimeshika mshipi kwa mikono miwili unanikata vidole, nazungushwa tu, mara nimegeukia tuta mara nimegeukia matete. Tumevutana mpaka mabega yakawaka. Mwisho akachoka nikamleta juu, kichwa hiki hapa kipana, masharubu yale, nikamkumbatia nimlaze mapajani nimtoe ndoano. Wanaowajua kambare wanajua yale mapezi ya pembeni ya kichwa, pezi moja moja lina mwiba mgumu kama msumari, na akikasirika anayasimamisha. Akajipinda mara moja. Nikasikia pff, halafu ssssss.

Nilidhani ni yeye anapumua, maana kambare anapumua hewa kabisa. Nikaangalia chini naona mapovu yanatoka ubavuni mwa tyubu, upande wa mkono wa kushoto, chini kidogo ya maji. Nikaweka kidole gumba. Ikatulia. Nikikitoa, ssssss. Sasa kidole kimoja kimeziba tundu, mkono mwingine una kambare hai, na upepo wa mashariki ndio umeanza, ule wa kiangazi ambao jua likipanda kidogo tu nao umeamka. Nikamwita mwenzangu, sauti inachukuliwa na upepo, hasikii. Kuogelea najua, lakini miguu ilikuwa imeshakufa ganzi na msuli wa nyuma ya goti umekaza, ukikunja unauma ukinyoosha unauma.

Kilichoniokoa ni ule mpira mweusi wa kufungia mzigo kwenye baiskeli. Nilikuwa nimefungia kopo la chambo kwenye tyubu. Nikafungua kwa meno, kopo likaenda zake, nikachana mkono wa sweta, nikaukunja nikaubandika juu ya tundu, nikauzungushia ule mpira kwenye tyubu nikivuta kwa nguvu zote, raundi juu ya raundi, nikafunga fundo. Haikuziba yote lakini ilipunguza, ikabaki povu moja moja. Hapo nikaanza kurudi kinyumenyume kwa miguu inayouma, maji yananipanda, yalikuwa kiunoni yakafika kifuani, tyubu inalegea kwenye makwapa. Nilipogusa matete nilishika bua nikaliegemea, machozi yananitoka, siwafichi. Mwenzangu alipofika hakuuliza kitu, alinivua sweta akanipa koti lake akawasha moto.

Mama Nasra
Yesu wangu. Mikono inanitetemeka nasoma.

Chipukizi Nzega
Pole sana kaka. Na kambare je??

Bodaboda Kitete
Nami nasubiri habari za kambare

Fundi wa Ng'ambo
Alikuwa bado kwenye mshipi nimeufunga kiunoni. Tulimtia kwenye kiroba, tumefika nyumbani Ng'ambo mchana bado anachezesha mdomo. Urefu wake ni kuanzia hapa kwenye bega mpaka kwenye vidole.

Mzee wa Mshipi
Kambare hapandishwi kwenye tyubu. Unamwacha majini, unamkokota mpaka kwenye matete, unamalizana naye nchi kavu. Mkononi uwe na kiroba kinene cha kulaza hata perege, maana na yeye ana miba ya mgongoni.

Bodaboda Kitete
Au uvae tyubu mbili, moja juu ya nyingine.

Dada Nesi
Naomba niingilie kidogo, msione naharibu utamu. Hakuna aliyetaja kichocho. Kukaa na miguu kwenye maji yaliyotuama kwa muda wa saa nne ndiyo njia yenyewe ya kukipata, konokono wanakaa kwenye majani ya pembeni hapo hapo mnapoingilia na kutokea. Vijidudu vinatoka kwenye konokono hao kwa wingi kuanzia jua likishakolea mpaka mchana, kwa hiyo alfajiri hatari inapungua ila haiishi. Mnaovua mara kwa mara mkapime choo na mkojo, dawa ipo, prazikwanteli, mnapimiwa uzito mnameza. Mtu akikojoa damu asiseme ni uchovu wa baiskeli.

Chipukizi Nzega
Dada mimi huwa najipaka mafuta ya taa miguuni, wazee walisema yanazuia

Dada Nesi
Mdogo wangu acha mafuta ya taa, yatakuunguza ngozi. Vaa suruali ya mpira au buti ndefu, halafu nenda kapime.

Mha wa Utah
Mwakeye ndugu zangu. Mimi kwetu Kasulu, niko Utah Marekani, na mada hii imenishika maana huku mchezo huu ni wa watu wazima na pesa zao. Kuna bwawa linaitwa Strawberry, liko juu milimani, mita zaidi ya 2,300. Mwezi wa 9 na wa 10 majani yamekuwa ya njano, alfajiri nyasi zina barafu, watu wanashuka na maboya yao ya kukalia yenye umbo la herufi U. Unavaa suruali ya mpira mpaka kifuani na viatu vya bata, unaingia kinyumenyume na unaogelea kinyumenyume. Msimu huo maji ya juu yakipoa yanashuka chini, bwawa linachanganyika, na samaki aina ya trauti wanasogea kingoni kula kabla barafu haijafunga. Kuna sheria ya urefu pia, ile aina iitwayo cutthroat ikiwa kati ya inchi 15 na 22 unairudisha majini, na watu wanatii.

Ninachotaka kumwambia Fundi ni hiki, maboya mengi ya huku yana vyumba viwili vya hewa au zaidi, kimoja kikitoboka kingine kinakubeba. Na usiingie bila jaketi la kuokolea. Na juu ya ile suruali funga mkanda kiunoni kwa nguvu, ukipinduka maji yasijae miguuni.

Fundi wa Ng'ambo
Nashukuru sana mkuu. Hilo la vyumba viwili nimelielewa. Siku hizi natia tyubu ndogo ya pikipiki pembeni kila upande imejazwa upepo, na jaketi nilinunua Kigoma kwa watu wa boti.

Mtoto wa Ujiji
Na upepo je? Shemeji aliniambia niingilie upande wa magharibi, ili upepo wa mashariki ukianza unirudishe kwenye baiskeli.

Mzee wa Mshipi
Magharibi ndiko mawimbi yanakovunjikia, utapigwa na matope na magogo. Ingia mashariki, maji yametulia pale, na saa 3 uwe umetoka.

Mtoto wa Ujiji
Mzee nikichelewa mashariki nasukumwa katikati. Nikichelewa magharibi nasukumwa nchi kavu. Mimi nabaki na shemeji.

Bodaboda Kitete
Ingieni kusini

Kanyenye Damu
Swali tofauti. Hizo tyubu mnapata wapi, malori mengi siku hizi tairi zake hazina tyubu.

Mwana Isevya
Kumbe na wewe umeshawishika! Tafuta ya trekta la nyuma, hizo bado zipo madukani. Angalia valvu, iwe imekaa imara na shina lake liwe fupi, ile ndefu inakuchoma mbavu. Ijaze, izamishe kwenye pipa uangalie mapovu kabla hujalipa.

Kanyenye Damu
Sawa. Ila bwawa la mifugo, sio Igombe.